KALAMU KUTOKA MCHE WA RESINI: Mambo ya kujua kabla ya kushika patasi



Watu wengi, hasa vijana na akina mama wa vikundi vya akiba, wamekuja kuuliza juu ya kalamu za rangi zinazokerezwa kwa mashine. Wanauliza zinatengenezwaje, faida yake ni kiasi gani, na kama kikundi kinaweza kununua mashine kwa pesa zake cha pamoja. Katika karatasi hii tunajaribu kujibu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kutoa faranga hata moja, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

Kwanza tuondoe dhana moja. Fundi wa kalamu hizi hatengenezi kalamu nzima. Ncha, mrija wa wino, mtambo mdogo wa kuzungusha ili ncha itoke na kurudi, kishikizo cha mfukoni na pete ya katikati, vyote hivyo hununuliwa vikiwa tayari katika mfuko mmoja. Kazi ya fundi ni mwili wa kalamu, yaani ile sehemu unayoishika kwa vidole. Mwili huo hukerezwa kutoka kwenye mche wa resini.

Resini ni maji mazito ya kemikali ambayo, yakichanganywa na dawa yake ya kugandisha, huwa magumu kama kioo. Mafundi wa magari wanaoziba matundu ya bodi na wale wanaotengeneza mitumbwi ya plastiki wanaifahamu. Mafundi wa kalamu huipata ikiwa imekwisha kuganda: vipande vya mraba vyenye upana wa karibu milimita 19 na urefu wa sentimita 12 au 13, mfano wa mche mdogo wa sabuni uliokatwa mwembamba. Rangi huwa zimechanganywa ndani, ndiyo maana kalamu mbili hazifanani kabisa.

Mashine yenyewe ni kerezo. Waliosoma ufundi kwa Kifaransa huiita tuuri. Kukereza ni kazi ya zamani katika nchi zetu. Kule pwani miguu ya vitanda imekerezwa tangu enzi za mababu, wala hapakuwa na umeme. Kipande cha mti huzunguka, patasi hutulia juu ya egemeo, na kinachozidi huondoka. Kanuni ya kalamu ni hiyo hiyo, ila kipande ni kidogo na makosa hayafichiki.

KUKATA NA KUTOBOA

Kalamu nyembamba ya kawaida ina sehemu mbili, ya chini na ya juu, na kila sehemu ina kibomba cha shaba ya manjano ndani yake. Weka kibomba juu ya mche, piga alama, kisha ongeza kama milimita 3. Kabla ya kukata, chora mstari wa penseli unaovuka mahali utakapokata. Mstari huo utakuonyesha baadaye ni ncha zipi zilikuwa pamoja, ili michirizi ya rangi ipite kutoka sehemu moja hadi nyingine kama haikukatwa. Asiyechora mstari hupata kalamu inayoonekana kama shati lililofungwa vifungo upande upande.

Sasa toboa. Kwa kalamu nyembamba keekee ni ya milimita 7. Hapa ndipo vipande vingi huharibika, na sababu ni haraka. Resini haipendi joto. Ukisukuma keekee moja kwa moja hadi mwisho, unga wa resini hunasa, hupata moto, huyeyuka na kushika keekee. Tundu huwa pana au mche hupasuka. Fanya hivi: ingia kidogo, chini ya sentimita moja, kisha toa keekee yote nje, futa unga, ingia tena. Mashine izunguke polepole. Ukiligusa lile kipande kwa mkono na kusikia joto, ngoja. Kikombe cha chai kinatosha kuwa saa yako.

Hatari nyingine iko mwisho wa tundu. Keekee inapotokea upande wa pili hubomoa kipande cha resini ukubwa wa ukucha. Dawa yake ni rahisi: usitoboe hadi nje. Acha mche uwe mrefu zaidi, toboa ukome kabla ya mwisho, kisha kata ile ncha kwa msumeno. Tundu litaonekana safi bila kubomoka.

KUBANDIKA KIBOMBA

Sugua kibomba kwa msasa hadi kipoteze mng'ao. Gundi haishiki vizuri kwenye shaba laini. Kama resini ni ya kupitisha mwanga, paka kibomba rangi kwanza, nyeupe au nyeusi au inayofanana na mche. Usipofanya hivyo, kalamu ikikamilika utaona shaba na madoa ya gundi ndani yake kama uchafu katika chupa, na hakuna msasa utakaoyafikia.

Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Gundi ya haraka hufanya kazi, lakini mara nyingine hukauka kibomba kikiwa nusu njiani, na hapo hakitoki wala hakiingii. Ziba midomo ya kibomba kwa nta ya mshumaa ili gundi isiingie ndani. Ingiza huku ukizungusha ili gundi ienee pande zote. Kisha acha kwa muda ulioandikwa kwenye gundi, na usiku kucha ni bora zaidi.

Gundi ya haraka ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: ikimwagika nyingi kwenye kitambaa cha pamba hupata joto kali na inaweza kuunguza ngozi. Usiifute kwa kanga wala kwa shati ulilovaa.

Gundi ikikauka, sawazisha ncha za kila sehemu kwa kifaa chake cha kusawazishia mpaka uone duara la shaba likimeremeta, basi, acha hapo hapo. Mimi ninayeandika ukurasa huu niliendelea kidogo tu baada ya shaba kuonekana, nikidhani nanyoosha. Kibomba kikawa kifupi, na kalamu nilipoifunga ncha ya wino ilibaki nje. Nilitembea nayo wiki mbili na mfuko wa shati wenye doa la buluu. Safisha pia ndani ya kibomba kwa kisu chembamba au msasa uliokunjwa, maana punje ya gundi iliyobaki humo itapasua resini siku ya kuunganisha.

KUKEREZA

Sehemu zote mbili huvishwa kwenye mhimili, yaani fimbo nyembamba ya chuma iliyonyooka, na kati yake huwekwa bushi. Bushi ni pete za chuma zenye unene ule ule wa sehemu za kalamu zitakazokutana na resini. Ndizo kipimo chako. Ukishuka mpaka usawa wa bushi umefika. Ukishuka zaidi, ncha ya chuma itatokeza kama ukingo na kidole kitausikia kila ukiandika.

Kaza mkia wa kerezo kiasi cha kuzuia mtetemo tu. Ukikaza mno, mhimili hupinda bila wewe kuona, na mwili wa kalamu hutoka mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Zungusha kila kitu kwa mkono kwanza uone kama hakuna kinachogonga egemeo. Ndipo uwashe.

Patasi iwe kali. Hili halina mjadala. Resini ya poliesta ni ngumu lakini huvunjika kama kaukau. Patasi butu haiikati bali huigonga, na kila kigongo huacha shimo dogo jeupe. Anza na zile pembe nne za mraba, ukigusa kidogo sana, ukitoka katikati kwenda nje. Sauti itakuongoza. Mwanzoni utasikia tak-tak-tak za pembe zikipiga patasi; zikiisha na kubaki mvumo mmoja, kipande kimekuwa duara. Mafundi wengi huzungusha kati ya mizunguko 1500 na 2500 kwa dakika, nao huongeza baada ya pembe kuisha. Resini ya akriliki ni pole zaidi kuliko poliesta, na kwa mwanafunzi ndiyo tungeishauri ikiwa inapatikana.

Ukikata vizuri, resini hutoka kama nyuzi ndefu. Ni dalili njema, lakini nyuzi hizo hujizungusha kwenye mhimili mpaka huoni unachofanya. Zima mashine, ingoje isimame kabisa, ndipo uzitoe. Usizivute kwa kidole mashine ikizunguka hata kama umeona fundi mzoefu akifanya hivyo.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya kazi, ondoa patasi na uzime swichi mara moja. Kuna mtu huacha swichi wazi, anainama kuangalia kipande, umeme unarudi na mashine inaanza yenyewe mbele ya uso wake.

Je, bila umeme? Inawezekana. Kerezo la kukanyaga kwa mguu, mfano wa cherehani, linakereza kalamu. Ni polepole na lahitaji patasi kali zaidi, lakini kwa kikundi kisicho na umeme wa kuaminika ni bora kuliko mashine ya kisasa iliyofunikwa turubai.

KUNG'ARISHA

Kung'arisha ndiko kunakofanya mtu atoe pesa, na ndiko wanafunzi wanakokuruka. Resini ikitoka kwenye patasi ina ukungu. Anza na msasa namba 400, kisha 600, na kuendelea na ile laini zaidi, 1500 na kupanda. Usugue kwa maji. Maji huondoa joto, na hushika unga usiruke hewani. Baada ya kila namba zima mashine na usugue kwa urefu wa kalamu ili kufuta mistari ya duara, ufute unga wote, ndipo uingie namba inayofuata. Punje moja ya msasa wa 400 iliyobaki itachora mstari ambao utauona tu mwishoni, kalamu ikishang'aa, na itakubidi urudi nyuma.

Dawa ya kung'arisha plastiki hupakwa mwisho kwa karatasi laini. Usitumie kitambaa mashine ikizunguka. Kitambaa kikinaswa huvuta kidole pamoja nacho, karatasi hukatika.

KUUNGANISHA

Sehemu za chuma husukumwa ndani kwa nguvu, bila gundi, kwa jiliwa lililowekwa vipande vya mbao kwenye taya zake. Ncha huingia upande mmoja wa sehemu ya chini. Mtambo wa kuzungusha huingia upande wa pili. Mtambo usiuingize wote kwa mara moja. Sukuma kidogo, skrubu mrija wa wino, zungusha, tazama: ncha inapaswa kutoka vya kutosha kuandika na kurudi yote ikifungwa. Sukuma tena kidogo. Ukipita, kuurudisha bila kuvunja kitu ni kazi ngumu. Kofia na kishikizo huingia kwenye sehemu ya juu, pete hukaa katikati, na nusu mbili huunganishwa kwa mkono, ule mstari wa penseli ukiwa umekumbukwa.

MACHO, MAPAFU NA MOTO

Tumeiweka sehemu hii hapa baada ya hatua za kazi kwa makusudi, kwa kuwa sasa unajua tunazungumzia nini. Kipande cha resini kikipasuka kwenye mizunguko 2000 kwa dakika, hurushwa kwa nguvu ya kutosha kupofua. Miwani ya kusomea si kinga. Vaa kinga ya uso, au angalau miwani ya kinga inayofunika pembeni. Nywele ndefu, kitambaa cha kichwa chenye ncha zinazoning'inia, mikono mipana ya gauni, mkufu, vyote vifungwe au viondolewe. Mtoto asibebwe mgongoni karakanani.

Kitu kikiingia jichoni, usifikiche. Unga huoshwa kwa maji safi mengi. Lakini kipande kikichoma na kukwama, usikitoe. Funika jicho bila kulibana na uende zahanati saa ile ile.

Unga wa resini usiuvute. Vaa barakoa nzuri ya vumbi, kwani kitambaa cha kanga puani hakizuii unga ule mdogo zaidi, ambao ndio unaofika ndani ya mapafu. Mwenye pumu atafute kazi nyingine karakanani. Kuunganisha na kuuza pia ni kazi.

Na mabaki? Tumesikia watu wakisema kwamba nyuzi za resini zinawasha jiko vizuri. Ni kweli zinawaka, na moshi wake mweusi una sumu. Usizipeleke jikoni, hasa kwenye nyumba ya turubai ambamo watoto wanalala.

Wengine wameuliza kama wanaweza kununua resini ya maji na kumimina miche wenyewe ili kupunguza gharama. Jibu letu ni hapana, si nyumbani. Resini ya poliesta hutoa harufu kali ya stirini, na mvuke wake hushika moto kirahisi. Dawa yake ya kugandisha ni mbaya zaidi: tone moja jichoni laweza kuharibu jicho kwa maisha. Likimwagika, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, papo hapo kabla ya kukimbilia popote, kisha uende zahanati. Dawa hiyo ikichanganywa moja kwa moja na ile ya kuharakisha, yaani kobalti, inaweza kulipuka. Kuna pia resini za yuretheni ambazo mvuke wake husababisha pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Chupa hizi zinafanana na chupa za maji au mafuta, na kambini chupa hutumiwa tena. Zisiingie katika nyumba ya kuishi.

HESABU

Sasa pesa. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, ili uone jinsi ya kupiga hesabu. Bei za kweli uziulize mwenyewe, pamoja na usafiri na ushuru, kwa sababu vifaa vingi hutoka ng'ambo.

Tuseme mfuko wa sehemu za chuma ni faranga 5,000, mche wa resini 4,000, na gundi, msasa na umeme 1,000 kwa kila kalamu. Gharama ni 10,000. Kalamu 10 ni 100,000. Ukiziuza zote kwa 15,000 kila moja utapata 150,000, na 50,000 ni yako. Fundi wa kati hutumia kama saa mbili kwa kalamu, kwa hiyo umefanya kazi saa 20 kwa 2,500 kila saa.

Lakini tuseme kalamu tatu zimepasuka, na kwa mwanafunzi hilo ni la kawaida. Umeuza 7 na kupata 105,000. Iliyobaki ni 5,000 pamoja na sehemu za chuma za kalamu tatu ambazo huwezi kuzitumia mpaka ununue vibomba vingine. Kwa saa zile zile 20, umepata 250 kwa saa. Tofauti yote hiyo imetoka kwenye kutoboa polepole na kunoa patasi. Bei ya mashine bado hatujaigusa.

Swali la pili ni mnunuzi. Hapa kambini kila mtu anaandika kwa biki. László Bíró alipewa hati ya uvumbuzi wa kalamu ya kidonge mwaka 1938, na tangu Wafaransa wa Bic walipoanza kuuza ile ya plastiki mwaka 1950 imekuwa rahisi kiasi kwamba hakuna anayeiokota ikianguka. Hutashindana nayo kwa bei. Anayenunua kalamu ya mkono ananunua zawadi: mzazi wa mhitimu, kanisa linalomwaga mchungaji wake, ofisi inayoaga mfanyakazi, mgeni anayerudi kwao. Watu hao wengi wako mjini, nje ya kambi. Kabla ya kikundi kukopa, tungeshauri mwanakikundi mmoja ajifunze kwenye mashine ya mtu mwingine, atengeneze kalamu tano, na aziuze tano hizo. Kama inachukua miezi kuziuza, mmejifunza kwa hasara ndogo.

Unaweza pia kuanza na mti. Vipande vinavyotupwa na maseremala ni bure au karibu na bure, hatua ni zile zile, na ukiharibu kumi hulii. Mti uwe mkavu kabisa, la sivyo utapasuka juu ya kibomba baada ya wiki chache. Resini haina shida hiyo; hailiwi na wadudu, wala kiangazi hakiibadilishi. Ndiyo sababu mafundi huihamia baadaye, mikono ikishazoea.

Jambo la mwisho, dogo lakini wanunuzi hulalamikia sana. Wino huisha. Mrija wa wino wa kalamu hizi si ule wa biki, na haupatikani kila duka. Unapouza, mwonyeshe mnunuzi jinsi ya kuvuta nusu ya juu, kufungua mrija kwa kuuzungusha na kuweka mwingine, na umpe mrija mmoja wa akiba ndani ya bei. Kwa hiyo katika hesabu yako ya gharama ongeza bei ya mrija huo tangu mwanzo.